Ibn Tufayl, Tabibu wa Andalusi, na Kisa cha Mtoto Aliyelelewa na Paa

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu, Muumba wa mbingu na ardhi, na kumsalia Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake, twaeleza katika kijitabu hiki khabari za mtu mmoja katika wakubwa wa Waislamu wa Magharibi, ambaye jina lake latajwa katika vitabu vya Wazungu zaidi kuliko litajwavyo barazani kwetu. Naye ni Abu Bakr Muhammad bin Abdul-Malik bin Tufayl, al-Qaysi. Wazungu wa kale walishindwa kulitamka jina lake la Abu Bakr, wakamwita Abubacer.

Imetupasa kumweleza kwa kuwa swali lililomshughulisha lingalimo vinywani mwa vijana wetu, na wazee wetu aghlabu hulijibu kwa hasira. Je, mtu aweza kumjua Mola wake kwa kuzitazama bahari, nyota na mimea peke yake, pasi na mwalimu wala mimbari? Na akiweza, ana haja gani tena ya kusimama safuni pamoja na watu ambao wengi wao wameletwa na mazoea? Ibn Tufayl hakulikimbia swali hili, wala hakulijibu kama wadhanivyo wale waliokisikia kisa chake kwa mbali.

Alizaliwa baada kidogo ya mwaka 500 wa Hijra, yaani katika miaka ya mwanzo ya karne ya 12, huko Wadi Ash, mji mdogo ulio karibu na Gharnata katika Andalusi. Leo mji huo umo katika nchi ya Uhispania, nao waitwa Guadix. Wakati huo Andalusi na Magharibi zilikuwa chini ya dola ya Murabitun, na wenye kauli katika dola hiyo walikuwa mafakihi wa madhehebu ya Imam Malik. Watu hao walikuwa hodari wa kuhifadhi matawi ya fiqhi, na kila ilimu nyingine waliitazama kwa jicho la shaka. Ndugu msomaji, huenda ukastaajabu kusikia ya kwamba mwaka 1109, kwa amri ya Amiri Ali bin Yusuf, kitabu cha Ihyaa cha Imam Ghazali, ambacho pwani yetu yote yakitukuza, kilikusanywa katika mji wa Qurtuba kikatiwa moto. Mwenye kukisoma Kitabu cha Ilimu katika Ihyaa ataijua sababu moja ya ghadhabu yao, kwani humo Ghazali amewalaumu wanachuoni walioifanya fiqhi kuwa ngazi ya kupandia kwenye vyeo na mali. Basi Ibn Tufayl alikulia katika nchi ambayo dini ilikuwa na walinzi wengi, na walinzi wenyewe walikiogopa kitabu.

Mwaka 1147 Muwahhidun waliuteka mji wa Marrakesh na dola ya Murabitun ikaanguka. Ibn Tufayl wakati huo alikuwa mtu mzima. Alifanya kazi ya utabibu Gharnata, akawa katibu wa liwali wa huko. Kisha mwaka 1154 akawa katibu wa mwana wa Khalifa Abdul-Mumin aliyetawala Sabta na Tanja. Mwisho akawa tabibu wa Khalifa Abu Yaaqub Yusuf, aliyetawala tangu mwaka 1163 hata mwaka 1184. Khalifa huyu alipenda sana vitabu na watu wa ilimu. Mwanahistoria Abdul-Wahid al-Marrakushi asimulia kuwa alimpenda Ibn Tufayl hata akawa humweka ndani ya jumba lake siku nyingi, usiku na mchana, asitoke. Asimulia pia kuwa Ibn Tufayl akipokea mishahara pamoja na matabibu, na wahandisi, na makatibu, na washairi, na wapiga mishale, kila kundi akihesabiwa mmoja wao. Naye mwenyewe akifanya mzaha ya kuwa lau ilimu ya muziki ingekuwa na soko kwa mabwana hao, angaliwauzia hiyo nayo. Haya twayataja ili msomaji asije akadhani kwamba mtu aliyetunga kisa cha upweke alikuwa mtawa wa pangoni. La, alikuwa mtu wa dola, mwenye shughuli tele.

Yapata mwaka 1169 alimpeleka mbele ya Khalifa mwanachuoni mmoja wa Qurtuba, jina lake Ibn Rushd. Khalifa alimwuliza jina lake, na la baba yake, na nasaba yake. Kisha akamwuliza ghafula wanafalsafa wasema nini juu ya mbingu, je, ni za tangu milele ama zimezuka baada ya kutokuwapo. Ibn Rushd akaingiwa na khofu. Alijua kuwa swali hilo laweza kumtoa mtu kazini, hata laweza kumtoa roho. Akakana kuwa amepata kujishughulisha na falsafa. Khalifa alipoiona khofu yake, akamgeukia Ibn Tufayl, wakaanza kuzungumza wao wawili juu ya kauli za Aristotali na Aflatuni, na hoja ambazo Waislamu wamewajibia, na ujuzi wa Khalifa ukamshangaza yule mgeni. Hapo Ibn Rushd akapata utulivu akasema aliyo nayo, akatoka na zawadi ya mali, na joho, na mnyama wa kupanda. Baadaye Ibn Tufayl alimwambia kuwa Khalifa alalamika juu ya ugumu wa maneno ya Aristotali, akamtaka yeye avifasiri vitabu hivyo, kwa kuwa yeye mwenyewe umri umemwendea na kazi ya dola imemshika. Hivyo ndivyo zilivyoanza zile sherehe za Ibn Rushd ambazo Ulaya ilisoma kwa karne nyingi.

Ibn Tufayl aliandika utenzi wa utabibu kwa bahari ya rajaz, wenye beti zaidi ya 7,000. Sisi ambao ilimu nyingi tumesomeshwa kwa nudhumu hatutaona ajabu. Katika ilimu ya nyota, mwanafunzi wake al-Bitruji ametoa khabari kuwa mwalimu wake aliona njia ya kueleza mwendo wa sayari pasi na yale maduara yaliyopandana ya Batlimusi. Lakini kilichomweka hai ni kitabu kimoja, kisicho kikubwa, kiitwacho Hayy bin Yaqzan, maana yake Aliye Hai, mwana wa Aliye Macho. Jina hilo, na majina mengine mawili yatakayokuja, aliyatoa kwa Ibn Sina, akayavika kisa chake mwenyewe.

Kisa chatokea katika kisiwa kimoja cha Bahari ya Hindi, chini ya mstari wa istiwai, kisicho na mtu. Ibn Tufayl, ambaye maisha yake yalipita Andalusi na Magharibi, ashikilia kuwa mahali palipo chini ya mstari huo ndipo penye hewa ya wastani kuliko pote duniani, na awarudi wanaosema kuwa ni pa joto. Mtu wa Kismayu au wa Lamu, ambao ni majirani wa mstari huo, atatabasamu ayasomapo hayo siku za kaskazi. Lakini na tumwachie. Juu ya kuzaliwa kwa mtoto ataja kauli mbili. Moja yasema alitokana na udongo uliochachuka kisiwani, na kauli hiyo sisi haitupasi kuishika. Ya pili yasema mama yake alikuwa dada wa mfalme wa kisiwa jirani, akaolewa kwa siri, akamtia mwanawe ndani ya sanduku akamtupa baharini kwa kumwogopa kaka yake, na maji yakamchukua. Paa jike aliyepotelewa na mwanawe akasikia kilio, akadhani ni chake, akaja akamnyonyesha.

Mtoto akakua akiiga sauti za wanyama. Akaona wenziwe wana manyoya, na pembe, na kwato, naye yu uchi, hana silaha. Akajifunga majani, na yalipokauka akajivika ngozi na mbawa za tai aliyemkuta amekufa. Alipotimia miaka saba, yule paa aliyemlea akazeeka akafa. Mtoto akamwita kwa sauti aliyozoea kumjibu, asijibiwe. Akamtazama macho, masikio, viungo vyote, asione jeraha. Akawaza kuwa kilichoharibika kimo ndani, tena kifuani, kwani yeye mwenyewe akipigana na wanyama hukikinga kifua chake kuliko mahali pengine. Akampasua kwa vipande vya mawe makali na matete makavu, si kwa ukatili bali kwa tamaa ya kumponya, hata akaufikia moyo. Akauona una vyumba viwili: cha kulia kimejaa damu iliyoganda, na cha kushoto ki kitupu. Akafahamu ya kuwa mkaazi wa chumba kile amehama, na kuwa huyo aliyehama ndiye aliyekuwa akimpenda na kumnyonyesha. Mwili huu ulikuwa chombo chake tu. Mwili ukaanza kunuka, akauchukia, asijue la kufanya, mpaka alipowaona kunguru wawili wakipigana, mmoja akamwua mwenziwe, kisha akafukua ardhi akamzika. Akafanya vivyo hivyo. Mwenye kuisoma Qurani atajua tukio hilo la kunguru limetoka wapi.

Mimi sijaona katika vitabu vya falsafa mahali pengine ambapo ilimu ya roho imeanzia katika kilio cha yatima. Mwandishi alikuwa tabibu, na hapana shaka amekwisha simama mara nyingi mbele ya mwili uliotulia ghafula, akajiuliza alilojiuliza mtoto yule.

Yaliyofuata twayapitia kwa haraka. Hayy aligundua moto kwa matete yaliyosuguana, akajenga ghala, akafuga ndege na farasi. Akaona mimea na wanyama, juu ya wingi wao, wana umoja ndani yao. Kisha akainua macho kwenye jua, mwezi na nyota, akaona ulimwengu wote ni kama mwili mmoja wenye kushikamana. Akajiuliza swali lile lile lililomtia Ibn Rushd khofu: je, ulimwengu huu una mwanzo ama hauna? Akawaza miaka mingi asiweze kukata. Lakini akaona kuwa njia zote mbili zafikia kwa Muumba mmoja asiye na mwili, ambaye kila kitu chamhitajia naye hahitajii kitu. Alipofikia miaka thelathini na mitano moyo wake ulikuwa umeshikwa na Muumba huyo, hata akawa akiona kitu chochote, mawazo yake hukiacha kitu yakamwendea aliyekifanya.

Na hapa pana jambo ambalo wengi wa wanaokitaja kisa hiki hulisahau. Kumjua Mungu hakukumfanya Hayy avidharau viumbe. Alijilazimisha asile ila kiasi cha kumweka hai. Akila tunda huihifadhi mbegu yake, wala haitupi penye mwamba au ardhi ya chumvi isipoweza kuota. Akiuona mche umezibiwa jua huondoa kizuizi. Ukisongwa na mmea mwingine huutenga kwa upole. Ukikaukiwa huupa maji. Mnyama akinaswa, au akichomwa na mwiba, au akipatwa na kiu, humsaidia. Kijito kikizibwa na jiwe, huliondoa. Akajitahirisha kwa maji daima, akakizunguka kisiwa, na nyumba yake, kwa kuuiga mzunguko wa nyota. Kisha huingia pangoni akafumba macho, akakaa siku nyingi pasi na chakula. Katika hali hiyo ilimjia dhana kuwa yeye na Huyo amwabuduye ni kitu kimoja. Lakini Mwenyezi Mungu akamwokoa, akatambua kuwa hiyo ni shubha iliyotokana na giza la mwili. Mwandishi alijua vema ni wapi watu waliteleza.

Alipokuwa na miaka hamsini, akaja kisiwani mtu jina lake Absal. Huyu alitoka katika kisiwa jirani chenye watu wafuatao dini ya mmoja wa Manabii. Alikuwa na rafiki yake, Salaman. Wote wawili walishika sharia kwa bidii, ila Absal alipenda kuzama katika maana za ndani na kukaa peke yake, na Salaman alipenda dhahiri na kukaa na jamaa, akiona kuwa jamaa humwondolea mtu wasiwasi. Wakaachana kwa wema, na Absal akakodi jahazi akaletwa huko. Hayy alipomwona kwa mara ya kwanza hakujua ni kiumbe gani; Absal akakimbia, Hayy akamfuata kwa kunyemelea, akamsikia akisali na kusoma na kulia. Akamshika, akamtuliza kwa kumpapasa kichwa. Absal akamfundisha lugha. Naye Hayy alipoweza kusema, akaeleza alivyofikia. Na Absal akaona kuwa yote aliyoletewa katika sharia juu ya Mungu, na Malaika, na Akhera, ndiyo hayo mtu huyu aliyoyaona. Hayy naye aliposikia khabari za Mtume yule, alimsadiki papo hapo, akajifunza sala, na zaka, na saumu, na hija, akazishika.

Lakini mambo mawili yakamtatiza. La kwanza, kwa nini Mtume huyo ametumia mifano katika kueleza mambo ya Mungu, hata watu wakaingia katika kumfananisha na miili? La pili, kwa nini amewaachia watu kukusanya mali, akaweka sharia za zaka, na biashara, na riba, na adhabu, ilhali kama wangaliujua ukweli wangaliyaacha hayo yote? Alidhani watu wote wana akili nyofu kama yake. Akatamani kuwafikia. Jahazi lililopotea njia likapita, wakapanda, wakafika kwa Salaman, ambaye sasa ndiye mkubwa wa kisiwa kile. Hayy akaanza kufundisha. Mwanzo walimheshimu kwa ajili ya rafiki yake. Alipoivuka dhahiri kidogo tu, nyuso zikakunjamana na nyoyo zikajaa chuki. Akawatazama, akaona mali na vyeo vimewafunika, akakata tamaa. Akawaomba radhi, akawausia washikamane na mipaka ya sharia, waache kuingia katika yasiyowahusu, kisha akarejea na Absal kisiwani kwao, wakamwabudu Mungu huko mpaka kufa.

Basi wako waliosema kuwa Ibn Tufayl ataka kutufundisha kuwa mwenye akili hana haja na Mtume. Mimi sioni hivyo, na kisa chenyewe chawakanusha, kwa kuwa Hayy hakuingojea hoja alipoisikia sharia, aliifuata. Wala si jambo geni kwetu kuwa maumbile ni ishara. Qurani imetuhimiza mara kwa mara tutazame mbingu, na milima, na ngamia, na mvua, na nabii Ibrahim alitazama nyota na mwezi na jua kabla ya kuwakabili watu wake. Kinacholaumiwa katika kisa ni dini iliyobaki ganda, ya mtu aliyeikuta nyumbani kama alivyokuta mkeka, asiulize imetandikwa kwa ajili gani. Lawama hiyo yatufikia sisi pia.

Ninapotofautiana naye ni pale mwisho. Hayy amewakatia tamaa watu upesi mno. Mtume wetu alikaa Makka miaka kumi na mitatu kati ya watu wenye mali, na vyeo, na nyuso zilizokunjamana, wala hakupanda jahazi akarejea pangoni Hira. Na walioifahamu habari yake mwanzo, miongoni mwao alikuwa Bilal, mtumwa, na Abdullah bin Masuud, mchunga mbuzi, ambao hawakupitia ngazi za Aristotali. Kuwagawa watu mafungu mawili, wachache wajuao na wengi wasioweza ila dhahiri, ni kauli iwapendezayo watu wa majumba ya wafalme. Na Ibn Tufayl alikuwa mmoja wao. Hata hivyo yeye mwenyewe hakuishi kwa mwisho wa kitabu chake. Aliyemtunga mtoto asiye na mwalimu alikuwa mwanafunzi wa vitabu vya Ibn Sina na Ghazali, na akiri hayo katika dibaji; na aliyempeleka Hayy upwekeni alibaki mjini, akitibu wagonjwa na kuwainua vijana wenye akili.

Kitabu kilisafiri. Mwaka 1349 Musa wa Narbonne, mwanachuoni wa Kiyahudi, alikiandikia sherehe kwa Kiebrania. Mwaka 1671 Edward Pococke alikipiga chapa Oxford, Kiarabu pamoja na tafsiri ya Kilatini. Mwaka 1674 George Keith alikitafsiri kwa Kiingereza, naye alikuwa katika jamaa ya Marafiki, wale Wakristo waitwao Quaker, ambao hukaa kimya katika ibada yao pasi na kasisi. Mwenzi wao Robert Barclay alimtaja Hayy katika kitabu chake cha mwaka 1676 kuwa ni ushahidi wa nuru aliyo nayo mtu ndani ya moyo wake. Marafiki hao ndio waliofika Pemba mwaka 1897 na kuweka misheni yao; sidhani kuwa Waislamu wa Pemba waliokuwa wakipita mlangoni pao walijua kuwa Mwislamu wa Andalusi alikwisha kuingia katika vitabu vyao miaka zaidi ya mia mbili kabla. Mwaka 1708 Simon Ockley alikitafsiri tena, safari hii kutoka Kiarabu chenyewe.

Tumrudie mwenyewe. Mwaka 1182, uzee ulipomlemea, aliacha utabibu wa Khalifa, na Ibn Rushd akashika mahali pake. Miaka miwili baadaye Khalifa Abu Yaaqub alikufa kwa jeraha alilolipata katika vita vya Shantarin, akatawala mwanawe Abu Yusuf Yaaqub al-Mansur. Ibn Tufayl akafa Marrakesh mwaka 581 wa Hijra, yaani 1185, na al-Mansur mwenyewe akahudhuria mazishi yake. Miaka kumi baadaye, mwaka 1195, al-Mansur huyo huyo alimhamisha Ibn Rushd mjini kwake, na vitabu vya falsafa vikatiwa moto, kama ilivyotiwa Ihyaa zamani zile za Murabitun. Kisa cha mtoto wa paa kikasalimika. Mwenyezi Mungu awarehemu wote, na atusamehe sisi na wao. Amin.